Ushahidi wa Mwenyekiti

Redio, fundi baiskeli, hajakaa vizuri kwenye benchi, habari ishamtoka.

"Mmesikia? Siku hizi historia ya Uislamu pale shuleni inafundishwa kwa mchezo. Watoto wanavyogombania kujibu, darasa la jirani hakusomeki."

"Unakwisha leo," akasema Mwenyekiti. Huyu ni kinyozi, ila tangu aongoze kamati ya wazazi hata mkewe anamwita kwa cheo. "Saa nane tuna kikao, kura ya mwisho ni yangu. Kamari kwenye somo la dini? Simo."

"Na binti yako?" nikamuuliza.

"Hapo ndipo panaponiuma. Mtoto tangu darasa la kwanza hajanyoosha mkono. Sasa ananisahihisha tonge likiwa mdomoni."

"Si wewe uliyekuwa ukilia hasemi?" akasema Mama Kahawa, birika mkononi.

"Nililia aseme shuleni, dada'ngu. Sikusema aje aniseme mezani."

Akatoa boksi la mchezo. Ushahidi huo, kampokonya binti asubuhi, mtoto kaenda shule machozi yanamtoka. Tukalivamia. Ndani mna ramani ya misafara, vifuniko vya soda, ndio ngamia, na kadi za maswali. Mwenyekiti akalitikisa, akachungulia hadi pembeni.

"Dadu iko wapi?"

"Haipo," Redio akasoma maelezo. "Ukijibu unasogea. Ukikosa, au ukimuuliza asiyecheza, unalala njiani na ngamia wako."

"Hebu tucheze tuuone ubaya wake," akasema Mwenyekiti. "Mimi historia nilikuwa wa kwanza."

"Mlikuwa wangapi?" akauliza Mama Kahawa.

Makao makuu ya Banu Umayya? Mwenyekiti akasema Kairo, akalala. Akasema Basra, akalala tena. Mama Kahawa akasema Dameski, akampita huku anamimina.

"Umejulia wapi wewe?"

"Kwa mjukuu wangu. Kila jioni ananifunga."

Mteja wa Mwenyekiti, kichwa nusu kimenyolewa, alikuja kumwita. Akaishia kuwa msomaji wa kadi.

Saa nane ikapita, hakuna aliyeiona. Saa tisa simu ikalia. Mwalimu mkuu.

"Mwenyekiti, wazazi wote wako hapa, nimekuweka kwenye spika. Huo mchezo tuufute?"

Mwenyekiti yuko na kadi mkononi: nani aliijenga Baghdad? Akatutazama mmoja mmoja. Redio akaangalia viatu. Mama Kahawa akasema anajua, hasemi.

"Mwalimu mkuu, kabla ya kura, niitie binti yangu."

Zikasikika hatua, kisha kisauti chembamba. "Baba?"

"Mwanangu, Baghdad ilijengwa na khalifa gani?"

"Al-Mansur. Lakini baba, mimi sichezi hapo. Umeiba. Lala."

Kikao kizima kikaangua kicheko, nasi pia. Mwenyekiti hakucheka. Machozi yalimlengalenga, akajifanya anatafuta kifuniko chake.

"Basi tuandike nini?" akauliza mwalimu mkuu.

"Andika unaendelea," akasema, akikilaza kifuniko njiani. "Na mwambieni kesho boksi analipata. Leo bado natumia."