Tumbo Limekwenda Upande

Jumatatu, 4 Machi

Nimesimama mbele ya kioo kirefu cha wateja dukani kwangu, mlango nimeutia komeo. Nimevua. Nimetazama. Mshono wa tumbo langu umekwenda upande! Kulia uko chini, unapostahili. Ukifika kushoto unapanda kama ngazi. Kitovu nacho kimehama, kinachungulia kwa jirani.

Miezi mitano tangu nikatwe. Sikukatwa kwa ajili ya urembo. Watoto sita walilivuta tumbo hadi likanilalia mapajani. Nikikaa kwenye cherehani, linafika mezani kabla yangu. Miaka ishirini nimeshona mikono imenyooka mbele kama mtu anayesukuma mkokoteni. Nikasema basi, ngozi iliyozidi ikatwe. Ikakatwa. Lakini kwa mshono huu? Sijawahi kutoa nguo dukani ikiwa imekwenda upande, hata ya mteja niliyemchukia.

Nimeamua. Lifumuliwe, lishonwe upya. Naandika hapa nyuma ya daftari la vipimo ili nisije nikajigeuka. Shule sikwenda. Herufi nilifundishwa na marehemu mume wangu, kwa chaki juu ya kitambaa. Zinatosha.

Jumatano, 6 Machi

Hospitali. Daktari aliyenikata ni kijana, ana vidole vyembamba, angefaa sana kutia vifungo. Ananiita bibi. Nikatoa utepe wangu wa kupimia, nikajipima mbele yake: kutoka kitovu hadi mshono, kulia inchi nne, kushoto tatu zisizotimia. Hakubisha. Akainama, akatazama kwa muda mrefu, akasema kovu lazima likomae mwaka mzima ndipo aliguse. Yaani Oktoba. Nikamwambia mimi suruali naifumua siku hiyo hiyo. Akasema suruali haitoki damu. Jibu zuri. Nikamsamehe.

Halafu akauliza kama ule mkanda wa kubana tumbo niliuvaa wiki zote sita kama alivyonipa. Nikasema niliuvaa mchana kutwa, usiku kucha. Ukweli mtupu. Hilo la "kama alivyonipa" ni jambo jingine, na yeye hakulirudia.

Akashusha pumzi. Akasema basi huenda kosa ni la mkono wake, atarekebisha. Anataka mambo mawili: presha yangu ishuke, na ndugu asaini fomu kwamba ataniuguza. Nimetoka pale kichwa juu.

Alhamisi, 7 Machi

Binti yangu kakataa. Ni muuguzi hospitali ile ile, wodi ya watoto, amezoea kuwakatalia watu wanaolia. Akasema mama, mwili si gauni. Nikasema kwa hiyo ndiyo uachwe hovyo? Akasema chini ya nguo nani ataliona. Nikamwambia naliona mimi, na mteja ni mimi.

Akageukia sinki, akaanza kuosha kikombe kilichokwisha kuoshwa. Akasema mara ile ya kwanza nilichelewa kuzinduka. Saa mbili zaidi. Alikaa kwenye benchi la korido, kandambili zangu mapajani, na yeye anayefariji watu kila siku hakukumbuka hata neno moja la kujifariji. Hasaini tena.

Nikamvuta, nikamfunga upya vifungo vya sare, alikuwa amevipishanisha. Nikamwambia sina nafasi ya kufa, nina magauni ya maharusi watatu. Hakucheka.

Nia yangu iko pale pale. Ndugu si yeye peke yake.

Jumamosi, 9 Machi

Nimekwenda kwa wifi. Dada wa marehemu mume wangu, fundi kama mimi, duka lake linatazamana na langu. Tangu ujana wetu anawaambia watu kwamba blauzi zangu zinabana makwapa. Nikanywa chai yake isiyo na sukari hadi tone la mwisho. Nikamwomba asaini yeye. Akasema hamna shida, ila haweki jina lake kwenye kazi ambayo hajaiona.

Nikafunua. Nilitegemea acheke. Hakucheka, na hapo ndipo nikaogopa. Akavaa miwani. Akapitisha kidole juu ya kovu, polepole, kama anayetafuta sindano kwenye zulia. Akaniambia nimletee mkanda. Nikauliza mkanda gani. Akasema wifi, usinifanye mtoto.

Nikauleta. Akaulaza juu ya tumbo. Kushoto, pale pale kovu linapoanza kupanda, ndipo palipo na mkunjo niliotia mimi. Umelingana sawasawa.

Ndiyo, niliupunguza. Siku ya nne baada ya kurudi nyumbani. Mkanda wenyewe ulikuwa umeshonwa na mashine isiyo na haya, nyuzi zinaning'inia, kushoto unanipwaya kama gunia. Niuvae hivyo, mimi? Nikafumua kwa wembe, nikatia mkunjo, nikapiga mshono mara mbili. Ukakaa kama ngozi. Kumbe kidonda nacho kikaufuata.

Sasa wifi akacheka. Alicheka hadi akakalia mkasi, na hata hapo hakuacha. Akasema angalau safari hii amepatikana mtu wa kufuata vipimo vyangu.

Jumatatu, 11 Machi

Wifi kamwambia binti. Kinywa chake hakijawahi kutiwa zipu.

Binti hakunifokea. Ingekuwa nafuu. Alinieleza tu kwamba yule daktari tangu Jumatano hajashika kisu. Amemwomba mkubwa wake akague kila mgonjwa aliyewahi kumshona. Mchana anakaa kantini, chakula kinapoa, anaitazama mikono yake.

Hilo likanichoma. Namjua mtu anayeitazama mikono yake. Mwaka nilioharibu gauni la bibi harusi nilikaa wiki nzima bila kutunga uzi kwenye sindano. Siwezi kumwacha mtoto wa watu hivyo kwa sababu ya wembe wangu. Lakini nikisema, ananifukuza, na mshono huu nitazikwa nao.

Nikaenda, binti akanifuata. Hodi sikupiga. Nikaweka mkanda mezani, nikamwonyesha mkunjo. Nikamwambia mkono wako mzima, mjukuu wangu, mbovu ni wangu. Halafu nikajirekebisha: wangu nao si mbovu, tazama mkunjo ulivyonyooka. Ni tumbo ndilo halikustahimili.

Akaugeuza mkanda ndani nje. Akavuta nyuzi. Hazikukatika. Akahesabu mishono kwa muda ambao ningemaliza kola. Akasema anayo haki ya kuandika kwenye faili langu kwamba sishonwi tena hospitali hii. Halafu akajifuta macho kwa kiwiko, akauliza nani alinifundisha kazi.

Oktoba, akasema. Kwa sharti moja. Akatoa mkanda mpya ndani ya mfuko, nianze kuuvaa kwa muda wa saa moja kila siku ili nizoee kuuacha ulivyo. Juu ya mfuko akaandika kwa herufi kubwa, nisije nikasingizia shule: USIGUSE. Nikaapa mbele ya binti. Binti akasaini. Nikamshikia fomu hadi jina likaisha.

Jumatano, 13 Machi

Presha imeshuka. Binti anasema daktari amerudi kazini, jana kamshona mtu, mshono kama uliopigiwa rula. Nimefurahi kama ni wangu. Wifi amepita mara tatu kuuliza kama nina nguo ya kupunguza. Namwonyesha mlango.

Nimevaa mkanda mpya. Saa nzima, nimetii, sikuugusa. Nikasimama mbele ya kioo. Vikulabu vya kufungia havilingani, cha tatu kimechomoza kama jino. Na unapwaya. Safari hii ni kulia. Vidole viwili vizima vinaingia.

Nimeuvua. Nimeuweka mezani. Asubuhi yote nimeshona gauni la bibi harusi huku unanitazama.

Na kosa la mara ile sasa nimelielewa. Nilipunguza upande mmoja tu! Hata anayejifunza anajua, ukitia mkunjo kushoto, unatia na kulia, ndipo nguo inakaa sawa. Nilikuwa mgonjwa, sikufikiri vizuri. Sasa ni mzima, na hadi Oktoba nina muda wa kuufanya kwa utulivu. Daktari akija kuuona atashukuru.

Tena mfuko wenye maandishi sikuugusa. Nimeuhifadhi kabatini, umekunjwa vizuri.

Komeo nimetia. Wembe ni mpya.