Babu wa Kuazima

Ijumaa, 2 Oktoba 2009

Kanisani, Oud Metha, hapa Dubai. Aloysius tena! Yule mkusanya sadaka wa Bukoba, suti ya kijivu, anamshikia Roselyne mwavuli wa jua kama bibi harusi. Nilipokaribia wakanyamaza. Watu wakinyamaza ukifika, ujue kitoweo ni wewe.

Nikamvizia Roselyne kwenye foleni ya chai. Mjane, mpishi wa kliniki, kicheko chake kinanitoa kutu. Kasema Aloysius ameshaleta posa, ila kaka zake kule Mau wameikataa. Wao ni Waogiek, watu wa msitu na mizinga ya nyuki. Wamebaki wachache, wanataka dada yao aolewe na mtu wao. Nikamwambia papo hapo: ajabu, hata babu yangu mimi alikuwa Mwogiek! Akanitazama sana. Si niliwahi kumwambia mimi ni Mkipsigis wa Londiani? Nikasema hayo ni ya kwenye pasipoti.

Basi natafuta babu. Mwaka wa kuzaliwa niliuchagua mwenyewe, nikajipunguzia miaka tisa. Babu ndiye atakayenishinda?

Jumamosi, 3 Oktoba

Bur Dubai, kwenye duka la intaneti. Nimemwandikia Jecinta, binti wa marehemu ndugu yangu, mwalimu Londiani. Aende misheni kwenye vitabu vya ubatizo, aende na wilayani kwenye orodha za kodi za mkoloni, anitafutie Mwogiek mmoja wa zamani mwenye jina la kufanana na letu. Akikosa, aongeze mwenyewe kwa kalamu nzuri. Ukoo sikuutaja. Ukoo ni ukoo.

Mhindi wa kaunta kachungulia kioo cha kompyuta yangu. Nikakifunika kwa kofia. Nani kamtuma?

Jumanne, 6 Oktoba

Jecinta kajibu. Eti, baba mkubwa, mimi ni mwalimu, sighushi. Kalelewa na nani huyu? Lakini atakwenda kuangalia kilichopo. Haya, aangalie. Akikosa nitamlilia kidogo kwenye simu.

Idd, Mtanga ninayelala naye chumba kimoja, kaniambia mto wangu siku hizi una nywele nyeusi kuliko mimi. Ni dawa ya nywele, imechuja. Lakini amejuaje mambo ya mto? Shajara nimeihamishia ndani ya gunia la mchele. Idd hapiki.

Alhamisi, 8 Oktoba

Zamu yangu ya ulinzi langoni, Al Twar. Nani anakuja na gari la dobi? Aloysius! Eti analeta mashuka ghorofa ya pili. Ghorofa ya pili haina mtu! Nikadai kitambulisho, nikadai kibali, nikakunjua shuka moja moja. Mpelelezi yule.

Kumbe kuna mpangaji mpya. Arbab, tajiri mwenye jengo, kanisomea kwa Kiarabu mbele ya Aloysius. Nilichoshika ni khalas, yaani basi, na kidole.

Jumatatu, 12 Oktoba

Yapo! Jecinta hakughushi hata herufi. Babu Chumo, babu yangu hasa, mzaa baba, yumo kwenye kitabu cha ubatizo, na pembeni mzungu kaandika Dorobo, jina ambalo Waogiek walipachikwa. Yumo na kwenye orodha ya waliotolewa msituni. Ukoo umeandikwa, hata bonde alilotundika mizinga yake. Baada ya hapo ni mtu wa Londiani, analipa kodi ya nyumba kama majirani. Alijificha ndani ya kabila la watu, nasi tukazaliwa humo humo mafichoni.

Nakumbuka alikuwa akisimama chini ya mti wa mtarakwa wa jirani, akiwapigia nyuki mluzi. Sisi watoto tulimcheka.

Hapana. Nilitafuta uongo, ukaja ukweli? Siku hii hii ninayouhitaji? Kuna mtu ameupanga.

Ijumaa, 16 Oktoba

Nimevaa tai. Nikamsomea Roselyne barua ya Jecinta niliyoichapisha, uwanjani pa kanisa, kwa sauti, Aloysius apate kusikia. Jina la babu. Bonde la mizinga. Ukoo. Kufika hapo akaweka kikombe chini, akaniomba nirudie ukoo. Nikarudia, kwa sauti zaidi.

Akalia. Nikajua nimeshinda.

"Chumo alikuwa kaka mkubwa wa baba yangu," akasema. "Baba amekufa akimwulizia."

Kisha akahesabu kwa vidole, akanifuta vumbi begani. "Mimi ni shangazi yako. Njoo, mwanangu. Umekula?"

Mwanangu! Mimi ambaye magoti yangu yanalia nikipanda ngazi! Akawapigia kaka zake Mau. Wazee wazima wakalia kwenye simu, kila mmoja akiniita mtoto, akiniuliza nitarudi lini nyumbani. Nyumbani gani? Na kwa nini wanafurahi hivyo? Wanaficha nini?

Ukoo mmoja hauoani, hilo hata Londiani wanalijua.

Ijumaa, 23 Oktoba

Shangazi (naandika nikisaga meno) kasema kaka zake wamelegeza kamba. Maadamu sasa ana mtu wa ukoo huku Dubai, posa ya Aloysius isikilizwe tena. Asikilize nani? Mimi! Eti nitakachosema, wamekubali.

Aloysius kaja na sinia la tende. Kaniambia kwa adabu tele kwamba mume wa shangazi naye huamkiwa. Mtu ninayemzidi miaka kumi na tano! Nikamwambia hatupokei watu wasio na asili: anitajie babu zake saba. Nilijua nimemmaliza. Akawataja wote, mmoja mmoja, na kijiji cha kila mmoja, bila kukohoa.

Mtu anayewajua babu zake wote ana kitu anachoficha. Nimewaambia warudi Ijumaa ijayo, ukoo unatafakari. Shangazi akanifungia ndizi za nazi nile nikifika.

Kutoka hapo, moja kwa moja Bur Dubai. Nimemwandikia Jecinta kwamba yule babu ana kasoro, anitafutie mwingine, upesi. Kompyuta niliifunika kwa kofia.

Na safari hii ukoo nimeutaja: wowote, isipokuwa huo wa Shangazi.