Mguu wa Jasi wa Akida Athuman

Hamidi alishuka kwenye treni Dodoma na mfuko wa unga wa jasi, ule wa kufungia mifupa iliyovunjika, begani, mwaka wa tatu tangu reli ya Mjerumani ifike pale. Alikuwa amefua bendeji miaka miwili katika hospitali moja ya pwani. Siku alipofukuzwa aliondoka na mfuko huo, mkasi, na maneno sita ya Kijerumani, manne kati yake matusi. Udaktari wake ulianzia hapo.

Hakumaliza hata kikombe cha kahawa stesheni kabla ya kusikia habari za Akida Athuman, msimamizi wa eneo lile chini ya Wajerumani. Serikali ilikuwa imemwamuru aende Kondoa kuhesabu nyumba za kodi, safari ya siku nyingi za jua na miiba. Akida alikuwa mnene kupita kiasi. Punda wake alijaribu kumbeba mara moja, akalala chini. Hamidi akaweka kikombe taratibu, kama mtu aliyeitwa na wajibu.

Saa nne alikuwa barazani kwa akida, akieleza kwa upole kwamba wataalamu wa Ulaya wamechunguza na kugundua unga unaogeuka jiwe mwilini. Mguu ukifungwa kwa unga huo, hakuna ofisa atakayemlazimisha mtu kutembea. Malipo ni yule punda na ng'ombe wawili walio zizini.

"Wachukue," akida akasema.

Ng'ombe wale walikuwa wa mkewe, Kudra, alioachiwa na marehemu babake. Kudra alisikia yote kutoka ndani. Akaleta maji.

Hamidi akachovya bendeji, akamzungushia akida kuanzia vidole mpaka pajani. Lakini jasi inapokauka hutoa joto, na akida akaanza kulalamika kwamba anapikwa. Akataka ikatwe, na mifugo ibaki. Hamidi aliwaona ng'ombe wakimponyoka.

Ndipo Kudra alipoingilia kati kwa adabu: daktari naye akifungwa jasi, mume wake atatulia. Hamidi akanyoosha mguu upesi. Mkasi ulikuwa mkobani mwake, angeikata jasi baadaye. Kudra alifunga vizuri kuliko wauguzi wa pwani, hata Hamidi akamsifu. Kisha akaufunga mguu huo pamoja na mguu wa pili wa Hamidi, akisema jasi imebaki na ni dhambi kuitupa. Hamidi, akiwa bado anasifu, hakukataa.

Kudra akanawa mikono, akauchukua mkoba wenye mkasi.

"Daktari, umesema mgonjwa asisogee mpaka ikauke?"

"Nimesema, mama."

"Haya, msisogee."

Akapanda punda, akawaswaga ng'ombe kuelekea Kibakwe kwa kaka yake, bila haraka yoyote. Wanaume wale walimwita kwa majina mazuri, kisha mabaya. Akida akajaribu kumfuata, akamwangukia daktari.

Askari waliokuja kumchukua akida waliwakuta hivyo hivyo. Sajini alicheka mpaka akaketi, kisha akaagiza nyundo. Wote wawili wakaondoka kwa miguu, Hamidi akiwa mpagazi.

Siku ya tatu kwenye njia ya Kondoa, Hamidi akiwa na sanduku la madaftari kichwani, akida alimsogelea akichechemea. Akamnong'oneza: je, Wazungu wamekwisha kugundua dawa ya malengelenge?

Hamidi akavitazama viatu vya akida. Vilikuwa vya ngozi, vipya, na vingemtosha.

"Wamegundua," akasema. "Ila mgonjwa sharti atembee pekupeku."