Daktari wa Meno Atamka Silinda Zake

Nyamazeni, enyi wenye masikio, na wewe uliyekaa hapo mlangoni zima hiyo redio! Nina habari ya kusimulia, na sirudii mara mbili. Wapo watakaowasifia wafalme waliobomoa kuta na majemadari waliovuka mito na farasi wao. Waacheni wasifie. Mimi, fundi wa magari, mwenye mikono inayonuka grisi tangu ujana wangu, namtukuza Daktari wa Meno, Bwana wa Koleo, Mtisha Magego, aliyesimama mbele ya kaunta ya duka la spea, saa nne asubuhi, watu wote wakimwangalia, akatamka neno moja. Neno moja tu! Anayetaka kucheka acheke sasa amalize.

Jueni kwanza kwamba shujaa wetu alikuwa na gari la spoti, jekundu, la viti viwili, fupi kiasi kwamba kuingia kwake sharti uanze kwa kuchuchumaa. Gari la namna hiyo hutoka kiwandani na injini za aina tatu: ya silinda nne, ambayo ni nyepesi, ya silinda nne yenye turbo, ambayo ni nzito kidogo na ina makelele, na ya silinda sita, ambayo ni jiwe. Na kila injini ina springi zake za mbele, kwa kuwa springi ndizo zinazobeba pua ya gari, na pua ndiyo inayobeba injini. Gari la Daktari lilikuwa la silinda nne. Hilo nililijua mimi niliyefungua boneti, alilijua na yeye, basi, hakuna mwingine. Kwani nyuma ya gari, siku moja shetani alipompitia, alibandika nembo ya silinda sita aliyoiokota kwenye magari mabovu.

Chanzo cha nembo hiyo ni Shemeji, kaka wa mkewe, mtu wa pikapu kubwa na mdomo mkubwa kuliko pikapu, asiyeweza kunywa chai kwa watu bila kuzitaja silinda zake sita. Miaka miwili mizima Daktari alikuwa akimjibu, "Hata mimi, Shemeji, ni sita." Miaka miwili alikufa na tai shingoni.

Ikawa springi za zamani zimechoka, na Daktari akaazimia kufunga mpya zilizo bora zaidi. Akaenda dukani, akaogopa kutaja ukweli, akaagiza za silinda sita. Nilipozitoa kwenye boksi nilimwambia, "Dokta, hizi ni za kubeba jiwe, wewe umebeba kikapu. Zitawarusha."

Akanyoosha mkono, akanena, "Ewe fundi, mtunza siri zangu, funga! Afadhali nirushwe kuliko nichekwe."

Nikafunga. Mimi ni nani hata nibishane na mteja?

Loo! Pua ya gari ikainuka juu, tairi za mbele zikabaki zinachungulia. Na asubuhi iliyofuata akapanda humo mkewe, Mwalimu Mkuu, Mama wa Kengele, ambaye akikohoa tu wanafunzi mia nane wanajipanga mistari. Mbele ya lango la nyumba yao liko tuta, adui wa kale, tuta lisilo na huruma. Daktari akalipanda. Mwalimu Mkuu akaruka, kichwa kikagonga dari, akashuka, meno yakagongana, na zibo la jino lake likachomoka. Na si zibo la mtu mwingine, jamani! Ni lile alilolitia Daktari mwenyewe kwa mkono wake, siku ile walipojuana kwa mara ya kwanza, yeye akiwa na koti jeupe na binti wa watu akiwa ameachama.

Mwalimu Mkuu akaliweka kiganjani, akamkabidhi. "Mume wangu, shika kazi yako," alisema. "Humu siingii tena."

Akashuka akaenda kwa miguu. Na kuanzia siku hiyo, wiki tatu, akawa anaondoka na mwalimu wa hesabu mwenye pikipiki.

Msione ni jambo dogo. Safari ile ya asubuhi ilikuwa ya dakika kumi na mbili, na ndizo dakika pekee walizokuwa nazo wawili wale, kabla yeye hajamezwa na wagonjwa wake na mama hajamezwa na watoto wake mia nane. Humo ndimo walimocheka. Humo ndimo alimoambiwa kwamba tai haiendani na shati. Sasa kiti cha pembeni kikawa kinabeba mkoba. Nawaambieni, mtu yule alikonda. Alikuja gereji akakaa juu ya tairi bovu, akashika tama, akaniuliza, "Fundi, na tukipakia mifuko ya mchanga huku mbele, pua si itashuka?"

"Itashuka," nikamwambia. "Injini je, tuipakie wapi?"

Kisha akasimama, akapiga moyo konde. "Nimemkosa mke wangu," akasema. "Twende dukani."

Basi Jumamosi tukaandamana, jeshi la watu wawili. Na duka lile, enyi wasikilizaji, lina utaratibu wake. Mwenye duka ni Mama Spea, Mlinzi wa Rafu, Ngome ya Kaunta. Huyu haandiki kitu. Ukimwambia unachotaka, anageuka na kukipigia kelele stoo, na kule nyuma yuko Mzee wa Stoo, ambaye sikio moja halisikii na la pili linasikia likitaka, naye anakirudia kwa kelele hizohizo. Ndivyo wanavyohakikisha hawakosei. Mtaa mzima unajua gari la kila mtu linaumwa wapi.

Tulipofika kaunta, na foleni nyuma yetu imeshafika mlangoni, nikasikia sauti ninayoifahamu. "Aa, Shemeji! Na wewe umo?" Nikageuka. Ni yeye, na pikapu yake imeziba nusu ya barabara. Amefuata waipa.

Nikamnong'oneza shujaa, "Dokta, twende zetu, turudi mchana."

"Dokta, karibu," Mama Spea akasema. "Tukupe nini?"

"Springi za mbele."

"Si ulichukua juzijuzi? Za sita. Zimevunjika?"

"Hazijavunjika."

"Sasa injini gani leo?"

Hapo, wapenzi wasikilizaji, jasho jembamba lilimtoka. Nikamwona anatafuta njia ya katikati, na mdomo wake ukaanza kutoa uongo mpya, mdogo kuliko wa kwanza. "Tuseme... ya turbo?"

"Turbo ina tundu la hewa juu ya boneti." Mama Spea akachungulia nje kwenye gari. "Hilo boneti lako ni kama sahani. Tundu liko wapi?"

"Turbo ya nini, Mama?" Shemeji akadakia, akimpiga Daktari mgongoni. "Huyu ni sita mwenzangu! Mwambie, Shemeji, usione haya!"

Mimi nilifumba macho. Sikutaka kuona. Lakini Daktari wa Meno akageuka taratibu, akaikabili foleni, akavua miwani, na sauti yake ikalijaza duka:

"Enyi mliopanga foleni, na wewe Shemeji, kaka wa nimpendaye! Miaka ishirini nimewaambia watu kwamba haitauma, kisha nikang'oa. Leo zamu yangu. Gari langu ni silinda nne. Nne! Wala turbo halina. Ile nembo niliiokota, nikaibandika kwa gundi, na kwa ajili yake nimempoteza mke wangu kwenye kiti changu. Mama Spea, nipe za nne!"

Mama Spea akageuza shingo. "Mzee! Springi za mbele, silinda nneee!"

"Sitaaa?" ikajibu stoo.

"Nneee! Za Dokta!"

"Dokta yule wa sita?"

"Hana sita! Alidanganya! Nneee!"

Duka zima likaangua kicheko. Shemeji alicheka mpaka akashikilia rafu ya mafuta, akafuta machozi, akasema, "Shemeji, hii nitaisimulia mpaka kwa wajukuu."

"Simulia," Daktari akajibu, na wallahi mabega yake yalikuwa yamenyooka.

"Ziko ngumu za mbio na ziko laini," Mama Spea akamalizia. "Unataka zipi?"

"Nipe za mke wangu."

Mama Spea hakuuliza tena. Akatoa laini.

Saa nane mchana nilikuwa nimeshafunga boliti ya mwisho kwenye ua wao, pua imeshuka mahali pake. Mwalimu Mkuu akatoka, macho mekundu kwa kusahihisha mitihani tangu alfajiri, akalikagua gari kama anavyokagua sare za shule. "Mara moja tu," akasema, "nikaone." Akachuchumaa, akaingia. Nikabaki langoni na spana yangu, roho mkononi.

Wakalipanda tuta. Gari likainama, likainuka, likapita. Wakazunguka mtaa, wakarudi, nami nikafungua lango. Hawakuingia! Daktari akapita polepole, kidole mdomoni, akinionyesha kiti cha pembeni. Mwalimu Mkuu alikuwa amelala fofofo, mdomo wazi, kichwa kimeegemea bega la mumewe. Wakalipanda tuta tena. Hakushtuka. Mara ya tatu, mara ya nne, na Bwana wa Koleo anatabasamu peke yake kama mwendawazimu.

Basi iandikwe kwa wino usiofutika, na vizazi vijavyo vifundishwe, kwamba Jumamosi hiyo tuta lilishindwa. Lakini shangilieni kwa kunong'ona, tafadhali. Mara ya tisa hiyo anapita, na mama bado amelala.