Sauti ya Asukile Juu ya Kihesa

Jumatatu, 3 Juni 1957

Barua kutoka Dar es Salaam! Shemeji yangu Asukile, mdogo wa mke wangu Tusekile, ataimba redioni na kwaya ya wafanyakazi wa bandari. Jumapili, saa kumi alasiri. Miaka sita hatujaisikia sauti yake. Tusekile aliisoma barua mara tatu, kisha akaiweka chini ya mto.

Akasema twende tukasikilize barazani kwa Makame mwenye duka, redio yake inasema vizuri. Kwa Makame! Yule aliyewatangazia watu kwamba kanzu niliyomshonea ina mkono mmoja wa kusalimia na mwingine wa kuagia. Haiwezekani. Mimi Eliezeri, fundi cherehani wa Kihesa, nina redio yangu. Niliinunua kwa Mzungu mjenzi wa barabara alipokuwa anarudi kwao. Ina kasoro moja tu: haisemi.

Nimempigia mama mkwe simu ya maandishi huko Mbeya. Aje amsikie mwanawe. Nyumbani kwangu.

Jumanne, 4 Juni

Sikushona kitu. Nimekaa na redio tangu asubuhi. Mlio wa karanga zinazokaangwa humo ndani, basi.

Nilitoka nje nikatazama juu. Mbingu imenyooka kama kitambaa kilichopigwa pasi. Nikawaza: sauti zinapita hapa sasa hivi, juu ya bati letu. Nyimbo, hotuba, bei ya kahawa, salamu za watu kwa mama zao. Zinapita kama ndege wanaohama, nasi tuko chini tunamenya viazi. Pengine zimechoka. Pengine zinatafuta pa kutua tu.

Tusekile aliuliza suruali ya karani wa posta imefikia wapi. Nilimwambia iko njiani.

Tatizo nimeligundua. Waya wangu wa kunasa sauti uko chini mno.

Jumatano, 5 Juni

Jirani yetu Kalinga, mgema wa ulanzi, pombe ya mianzi, ana mianzi mirefu kuliko yote mtaani. Alinipa mmoja uliozeeka, akaniomba nisimwambie ni wa nini. Nikaufunga waya kwenye ncha, nikausimamisha ukutani kwa kamba ya nguo za Tusekile.

Saa nane, muujiza! Mwanamume alisema wazi kabisa, chumbani kwangu: "Upepo kidogo Tanga." Tanga! Nikaona minazi ikitikisika karibu na kabati. Nikahisi joto miguuni, na huku baridi ya Juni yetu inakausha midomo.

Upepo wa Kihesa haukuwa kidogo. Mwanzi uliinama, ukainuka, ukainama tena kwa adabu, kisha ukaanguka uani kwa Kalinga, juu ya vibuyu vya ulanzi wa mwisho wa msimu. Alisimama katikati ya ule unyevu muda mrefu. Hakutukana. Alisema tu kwamba angalau redio ingemwachia kibuyu kimoja. Nitamshonea koti. La bure, na la mistari.

Ijumaa, 7 Juni

Mama mkwe Damari amefika na basi, amelala Nyololo njiani. Amepungua sana. Ameleta ndizi, na sweta aliyomfumia Asukile, maana hakuelewa vizuri kama mwanawe atakuja mwenyewe au itakuja sauti tu. Tusekile alimweleza taratibu. Damari akaikunja sweta upya. Halafu akaniuliza, kwa heshima, bila kunitazama usoni: "Baba, hiyo sauti haitapata baridi njiani?"

Nilimwambia haitapata. Nikatoka nje, nikajidai kutengeneza waya.

Karani aliwahi kuniambia kwamba waya wa redio unaoingia ardhini hupenda udongo wenye maji na chumvi. Nimemwaga chumvi yote ya nyumbani. Redio imekaanga karanga zile zile. Za chumvi. Chakula cha jioni kilikuwa chapwa, na hakuna aliyezungumza nami isipokuwa mama mkwe, aliyesema ndaga, maana yake asante.

Jumamosi, 8 Juni

Makame alikuja. Alimwamkia mama mkwe vizuri mno, akamwita bibi, akamwekea kiti barazani kwake kwa ajili ya kesho. Kisha akatazama paa langu na kusema, "Fundi, waya umelala juu ya bati. Ndiyo maana sauti inakufa. Uinue kidogo tu, shibiri moja." Wivu! Anataka nishushe akili yangu yote hadi shibiri moja.

Sikulala usingizi mchana. Niliwaza urefu.

Jumapili, 9 Juni

Saa tisa na nusu redio ilikuwa bado inakaanga. Mama mkwe alikaa mbele yake na sweta mapajani. Nikawaambia wasubiri, nikapanda paani, nikaushika waya, nikasimama wima na kuunyoosha mkono kadiri ya uwezo wangu.

Saa kumi ikasema! Chini ya miguu yangu, ndani ya nyumba, kwaya! Nikapiga kelele: mnasikia? Kimya. Nikageuka nikawaona mbali barabarani, Tusekile amemshika mama yake mkono, wanaingia kwa Makame. Walichoka kusubiri.

Nilitaka kushuka. Lakini kila nikiteremsha mkono, karanga. Nikiinua, wimbo. Basi nikabaki pale juu, peke yangu, jua limelegea, moshi wa majiko unapanda taratibu, milima imekuwa ya bluu. Na sauti moja ikajitenga na nyingine. Nilimjua. Ilipita mkononi mwangu, ikashuka kifuani. Sikuwa na mkono wa kujifutia macho. Nikamwacha Asukile aimbe.

Walirudi kabla ya giza. Mama mkwe alisema Asukile alikohoa kidogo kabla ya kuanza, kama baba yake alivyokuwa akifanya. Alisema hivyo mara nne. Sweta ameiacha kwa Makame, ambaye ataituma Dar es Salaam na mzigo wa duka.

Tusekile aliniuliza nilikuwa wapi. Nikasema nilikuwa nasikiliza.

Jumatatu, 10 Juni

Dereva wa lori ameleta koti kushonwa. Anasema Ulaya kuna redio inayoonyesha na uso wa mtu anayeimba. Uso! Nimefikiri asubuhi nzima. Ikiwa mkono ulioinuliwa umeleta sauti, uso unataka urefu zaidi, hilo ni wazi. Mianzi mitatu, iliyoungwa. Nimemwambia mama mkwe asiondoke kwanza, Jumapili ijayo atamwona Asukile kwenye dirisha la redio yangu. Kalinga ameniona naitazama mianzi yake, ameanza kuhamisha vibuyu.