Sentimita Kumi za Mafundi Cherehani

Mheshimiwa Mhariri,

Shikamoo. Mimi ni mwanafunzi wa darasa la saba na mama yangu ni fundi cherehani. Nakuandikia kwa heshima kuhusu habari yako ya Jumatatu, ile ya kuwaondoa mafundi kwenye kibaraza cha soko. Mwalimu wetu alitufundisha kwamba upendeleo wa gazeti haulalamikiwi tu, hupimwa. Basi nilichukua tepu ambayo mama hupimia wateja, nikaipima habari hiyo. Malalamiko yangu ni haya:

1. Mwenyekiti wa soko amepewa sentimita ishirini na nne. Mafundi, ambao wako kumi na mmoja, wamepewa kumi na nne kwa pamoja. Wakigawana, hakuna atakayepata hata ya kitanzi cha kifungo.

2. Umeandika kwamba mwenyekiti "alifafanua" na mafundi "walilalamika". Nilikuwapo walipozungumza. Aliyepiga meza ni mwenyekiti. Mama alisema taratibu kwa sababu alikuwa na pini mdomoni.

3. Pichani mwenyekiti anatabasamu. Mafundi wameonyeshwa migongo. Wa mama niliutambua kwa gauni, naye amesikitika kwa kuwa siku hiyo hakulipiga pasi.

4. Baba hununua gazeti lako kila siku, na sasa ameanza kumsifu mwenyekiti kwa busara, huku akila chakula kinachotokana na cherehani ya mama. Juzi mama alisema mgongo unamuuma. Baba akajibu kwamba analalamika.

Kwa hiyo naomba mafundi warudishiwe sentimita kumi zao kabla ya Ijumaa, maana siku hiyo ndipo mkutano wa soko utaamua kama mama atabaki kibarazani. Pia naomba uje upimwe. Mama hupima mabega bure, na huwaambia wateja, "Kila mtu ana bega moja limeshuka, ila hajui mpaka apimwe." Tukishajua unaegemea upande gani, kipimo chako kichapishwe kila asubuhi karibu na tarehe.

Wasalimie waandishi wote, na mpiga picha pia, ingawa anapenda migongo.

Wako mtiifu,
Binti wa fundi wa meza ya tatu

Tanbihi: Nimemsomea mama barua hii. Aliendelea kushona, kisha akauliza nilitumia tepu ipi. Ni ile iliyokatika mwanzoni, inayoanzia kumi, kwa hiyo kwenye kila kipimo lazima utoe kumi. Nilijua. Kwa mafundi nilitoa, kwa mwenyekiti nikasahau. Mama hakunigombeza. Alinisimamisha akanipima mabega, na la kushoto limeshuka. Basi uliwapa sawasawa, nisamehe sana. Ila kama hapo ofisini mna sentimita kumi zisizo na mwenyewe, mkutano bado ni Ijumaa.