Vimeng'enya Vyenu Vimegomea Kitambaa cha Mama Mkwe

Ndugu Meneja wa Kiwanda cha Sabuni,

Pokea salamu zangu, ingawa sijaridhika kwamba unazistahili.

Mimi ni katibu wa chama cha wafanyakazi, na husoma kila kitu, hata mgongo wa paketi. Kwenye sabuni yenu ya unga mmeandika kwamba ina vimeng'enya vinavyokula madoa ya chakula. Niliwaamini. Alhamisi, mke wangu akiwa kazini, niliangusha kiini cha yai juu ya kitambaa cha meza ambacho mama yake alikidarizi kwa mkono miezi minane. Mama mkwe anafika Jumapili saa nne asubuhi, na yeye hukagua kitambaa kabla ya kumjulia hali mkwe.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Mnaagiza maji vuguvugu. Uvuguvugu ni msimamo wa waoga. Yai lilikuwa la moto, na dawa ya moto ni moto. Nikachemsha kitambaa na sabuni nusu saa. Doa liling'ang'ania kama mpangaji mkorofi.

2. Nikaongeza sabuni na ndimu sita. Vimeng'enya havikujishughulisha. Hata sisi tukigoma, hutoa notisi.

3. Nikahamishia sufuria kwenye friji, maana aliyeungua hupozwa. Kimya.

4. Mmemgeuza binti yangu kuwa wakili wenu. Yuko kidato cha tatu. Alieleza kwamba joto likizidi, vimeng'enya huharibika umbo na havifai tena. Ukali wa ndimu nao huviharibu. Baridi nayo, hata vile vizima huvizubaisha tu. Kisha akasema, "Baba, si wewe unayedai mazingira bora ya kazi? Hawa umewachemsha, ukawamwagia ndimu, ukawafungia kwenye friji, halafu unawaita wavivu."

Nimebishana na waajiri miaka kumi na tisa. Jikoni kwangu nikaweka mwiko chini, nikachukua kalamu.

Kwa hiyo nadai vimeng'enya visivyochagua mazingira. Nadai mkutano na vimeng'enya hivyo bila menejimenti kuwapo. Na nadai barua ya kumwomba radhi mama mkwe, ifike kabla yake.

Wasalimie wachanganyaji, wafunga paketi na dereva wa lori. Wao sina ugomvi nao.

Wako katika mapambano,
Katibu

N.B. Jana jioni mke wangu alitia vijiko viwili vya sabuni iliyobaki kwenye maji vuguvugu, akaloweka kitambaa, akaenda zake kulala. Asubuhi hii ya Jumapili doa halipo. Nafuta madai yote.

Ila nilikuwa naandika haya juu ya kitambaa chenyewe, kimekwisha kupigwa pasi na kutandikwa, na kalamu yangu ya wino imevuja. Binti anasema kila kimeng'enya kina chakula chake, na wino haumo. Sasa ni saa nne kasoro dakika kumi. Lile dai la barua kwa mama mkwe nalirudisha. Palipo na "yai", andikeni "wino".